Majani ya Jinsengi

Delphia Ratliff alipofika juu ya mlima, pumzi zilikuwa zimemwishia. Aliegemea mwaloni, akatazama chini, asione hata mche mmoja. Miaka saba aliinama pale akiihangaikia jinsengi yake, mmea wa dawa ambao mizizi yake huuzwa ghali, na sasa palibaki majani makavu ya mwaka jana tu. Hakulia. Alikuwa amechoka mno kulia.

Mumewe Hobart alipofariki, binti yao alitaka mama auze nyumba na msitu, ahamie kwake Ohio. Delphia akaahidi: jinsengi ikinishinda, nakuja. Kumbe hata mbegu yake hakuijua. Za mwanzo alifyeka vichaka akazipanda kwa mistari kama viazi, ukungu ukazimaliza zote. Aliyemtoa tongotongo ni Arvil, binamu wa Hobart, mkazi wa ng'ambo ya kijito.

"Hii si kabichi, shemeji," alimwambia. "Ukizibananisha zinaambukizana. Tupia mbegu hapa na pale, funika majani, halafu zisahau."

Arvil aliijua jinsengi kuliko mtu yeyote bondeni, na kila mtu alijua aliijulia wapi. Tangu ujana alichimba za watu kwa kuiba.

Kwa hiyo Delphia hakuwaza mara mbili. Aliteremka akamkuta barazani kwake akivunjavunja maharage mabichi.

"Umenimaliza, Arvil."

"Nimekumaliza na nini?"

"Usijitie hujui. Nani mwingine anaijua njia ya kule? Hobart alinionya kuhusu mkono wako. Si ungengoja nife kwanza?"

 Arvil aliweka bakuli chini. "Nenda nyumbani, shemeji. Jua kali."

Jumapili, kwenye chakula cha kanisani, Delphia aliyarudia maneno yale mbele ya watu. Hakuna aliyeshangaa, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Arvil alikuwa kwenye foleni na sahani yake. Aliirudisha mezani ikiwa tupu, akatoka.

Jumatatu Delphia alimpigia binti yake simu kumwambia anakuja, kisha akapanda mlima kwa mara ya mwisho kuchukua zana zake. Kabla ya kuondoka alichokoa udongo kidogo, bila sababu, kama mtu anavyochokonoa jino bovu. Akagusa mzizi.

Ulikuwa mzima, na kichwani umeshatoa chipukizi jeupe la mwaka ujao. Shina lilikuwa limekatwa kwa ukucha, chini kabisa. Akachokoa pengine, na pengine tena. Mizizi yote ilikuwepo. Hata yale matunda mekundu yenye mbegu yalikuwa yamefukiwa moja moja pembeni, jinsi Arvil alivyomfundisha. Mwizi gani hukupandia mbegu? Aibu ilimshika hadi akakaa chini.

Arvil alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni kwake. Hakumkaribisha kiti.

"Zote zipo," Delphia alisema.

"Najua. Ile wiki uliyokuwa kwa binti yako, kuna wawili walikuwa wanazunguka kule na mifuko. Nikakata majani wasione kitu. Mzizi haufi kwa hilo."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nije jioni ile ile. Ukaniwahi."

"Ungesema hapo hapo, Arvil."

"Nikisema mimi, nani ataamini?"

"Nisamehe, shemeji. Jumapili nitasimama niseme mbele ya wote."

"Utawapa cha kucheka. Watasema niliichimba, nikakurudishia." Akasugua kidevu. "Wala sikulaumu. Miaka arobaini ungenisema hivyo, ungekuwa umesema kweli tupu. Umekosea mwaka huu tu. Na ndio mwaka niliojitahidi."

Akafunga mlango polepole, bila kuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Jumapili Delphia alisimama akasema yote. Watu walicheka, wengine wakamkonyeza. Ohio hakwenda, jinsengi haikumshinda, na ahadi ni ahadi. Kiangazi kilichofuata alipanda mlima peke yake, akakata majani peke yake, mgongo ukiwaka moto, hana hata wa kumuuliza kama anakata mapema mno. Aliporudi alimwona Arvil ng'ambo ya kijito. Arvil alivua kofia kwa adabu, akamwita Bi Ratliff, si shemeji tena, akaendelea na kazi yake.