Shayiri Iliyoona Mwanga
…na goti hili la kushoto nalo linaniuma, mkeka wenyewe mwembamba, lakini sisogei, zamu yangu inakuja, Mama mkwe bado yuko kwa mume wangu, anampaka tika, mchele na mtindi na ile rangi nyekundu, mtindi unamchuruzika mpaka puani naye kafumba macho kama mtoto anayenawishwa uso, sasa anampachika jamara sikioni, ile miche ya shayiri ya baraka, na jamara ni ya kijani, jamani, sikukuu nzima ya Dashaini, mji mzima wa Tansen una shayiri ya manjano masikioni, sisi kijani, kama mbuzi waliotoka malishoni, raha iliyoje, nisicheke, nikicheka nimekwisha… pale mlangoni Menuka amesimama na begi lake, mke wa shemeji yangu, macho yamemvimba, amevaa sari nyekundu aliyoitunza kwa ajili ya leo na hakuna mtu atakayempaka kitu kwenye paji la uso, "Huyu hapati tika yangu," alisema Baba mkwe asubuhi, "aende kwao, wakamfunze adabu," maana chumba cha shayiri haingii mtu ila Mama mkwe, tangu mbegu zilipofukiwa mchangani ni giza tu humo, ndipo ichipue ya manjano, na mwanamke aliye hedhini hata mlango hausogelei, na nani alikuwa hedhini juma hili, nyumba nzima inajua, alilala chumba cha nyuma, akala peke yake, basi shayiri imegeuka rangi, basi ni yeye, kesi imekwisha. "Sikuingia, Baba, naapa kwa mama yangu!" Kisha Menuka akanigeukia mimi, mjinga yule, mimi, "Dada, si unafundisha mimea chuoni? Waambie, hedhi inageuzaje majani rangi?" Nikatazama kucha zangu, nikasema, "Mambo ya ibada mimi siyajui, mdogo wangu," taratibu hivyo, mdogo wangu, hilo neno nililipenda mwenyewe… nayajua, kila mwaka nayafundisha, jani likiwa gizani halilali, linajiandaa, linatengeneza malighafi ya ukijani mpaka hatua ya mwisho kasoro moja, na kimeng'enya kinaikumbatia hiyo malighafi, kimeganda, kinasubiri, hakiwezi kumaliza kazi bila mwanga, si maji wala joto, mwanga wenyewe, ukigusa tu, hata kope hujapepesa, imekwisha kuwa klorofili, na hairudi nyuma, huwa nawaambia wanafunzi ufa mdogo unatosha… kona moja ya blanketi inatosha, blanketi lililopigiliwa dirishani kwa nje, upande wa baraza, niling'oa msumari mmoja, mmoja tu, nikaikunja ile kona, Mama mkwe huingia kumwagilia alfajiri kabla jua halijatoka, hawezi kuona, na mimi sikuingia, hata kidole changu hakikuingia, jua ndilo lililoingia. Ningefanyaje? Tangu niolewe naamka wa kwanza nyumba hii, nawasha jiko, nawakanda miguu, na juzi natwanga tangawizi namsikia Mama mkwe akimwambia mumewe, "Tika ikiisha, funguo nampa Menuka, yule ana moyo mweupe," Menuka, anayeunguza dengu na kucheka, anayecheka hata na muuza maziwa, funguo za ghala, za kabati la dhahabu, zile zinazolia kiunoni mwa mama mwenye nyumba, funguo zangu… huyo anakuja, funguo zinalia, chwa, chwa, nainamisha kichwa, mchele wa baridi kwenye paji la uso, vidole vyake vinabonyeza, vinabonyeza mno, "Uishi, uzae, nyumba isikushinde," anasema, Menuka pale anavuta kamasi, akome, na sikioni napachikwa jamara, naitupia jicho, yangu ni ya manjano. Manjano safi. Amechagua. Kwa hiyo ameona kuwa ya kijani ni ile ya upande wa dirisha tu, nyingine haikuguswa… "Fumbua mkono, Binita," na funguo zinaanguka kiganjani, rundo zima, nzito, za moto kwa joto la kiuno chake, na katikati ya funguo kuna kitu chembamba kinachonichoma, naona kutu, naona kichwa kilichopinda, msumari ule wa blanketi. Alikuwa nao. Tangu lini? Mama mkwe alipolia asubuhi mbele ya watu alikuwa nao kwenye mkunjo wa sari… "Mwakani dirisha utaliziba wewe," ananinong'oneza kwa upole, harufu ya mtindi, "na mwaka wa pili yake, na kila mwaka. Mwenye moyo mweupe angenisumbua, mwanangu. Wewe hutanisumbua." Neno moja tu na Menuka angekuwa amekaa hapa kando yangu, hakulisema, na mimi sikulisema, na mwanga ule unaokipa kimeng'enya kazi ndio huohuo unaokivunja kikishamaliza, hilo huwa nalifundisha kipindi cha mwisho, hakuna anayesikiliza, wanafunga mabegi… "Inamisha kichwa, bado sijamaliza," anasema Mama mkwe, nami nainamisha.