Nyama Hii ya Nani?

Wengine wakifiwa hujitupa chini wakagaagaa. Laurean yeye alipanda mti.

Jumamosi ile baba yake anazikwa Mpanda, yeye alikuwa kusini mwa Maryland, juu ya kichanja cha kuwindia, bunduki mapajani, miguu imekufa ganzi kwa baridi. Na usimhukumu haraka. Nauli ilikuwapo, karatasi zake ndizo zilizokuwa bado kwa wakili, na akitoka Marekani bila hizo, harudi. Kwa hiyo mtoto wa kwanza wa Mzee Ladislaus, ambaye udongo wa kwanza ulikuwa wake kuutupa, alibaki kwenye fleti yake Adelphi, hukohuko Maryland, akipokea watu wa msiba.

Na watu walikuja, Mungu awabariki. Watanzania, Wakenya, na mama mmoja wa Kikongo na sufuria lake la pondu, kisamvu cha kwao. Wakasali rozari, wakaimba, wakamtazama usoni. Macho makavu! Alikula, akajibu "tumeshapoa", akasindikiza wageni mpaka kwenye lifti. Domina mkewe alilia hadi sauti ikakauka, tena anamlilia baba mkwe ambaye hajawahi hata kumwona.

"Kaka, sijakusikia ukilia," dada yake Flaviana alimwambia kwenye simu kutoka nyumbani.

"Nitalia."

"Lini? Mzee tunamzika Jumamosi."

Aliuliza kama mtu anayefuatilia mzigo uliochelewa. Na hilo ndilo lililomtisha Laurean. Si kifo chenyewe. Mzee alikuwa ameugua siku nyingi. Aliogopa kwamba labda humo ndani hakuna kitu tena, kwamba zamu za usiku na "nitakuja mwakani, baba" za kila mwaka zilikuwa zimekausha kila kitu. Akajibonyeza kifuani kama anayetafuta jipu. Wapi!

Ijumaa jioni Mugo akapiga simu. Huyu ni Mkikuyu wa Nyeri, rafiki yake wa kuwinda, mtu wa maneno mengi na moyo mwema.

"Bana, ukikaa hapo utapasuka kichwa. Kuja twende."

"Mtu kafiwa na baba anakwenda kuwinda?" Domina akashika kiuno. "Watu watasemaje, Laurean?"

"Waseme."

Basi saa kumi na mbili asubuhi, bado giza, akawa juu ya mti. Mpanda ilikuwa saa nane mchana. Alijua misa imekwisha, alijua sasa wanashusha jeneza. Akangoja uchungu umpate. Akajikumbusha mikono ya baba, kikohozi chake, koti lake la kanisani. Hakuna kilichokuja. Mapambazuko yalipokaribia akatokea kulungu. Ndivyo Waswahili wa huko wanavyowaita wanyama hawa wa Marekani, ingawa si kulungu wa kwetu. Jike, mnene, anatafuna majani hana habari. Laurean akafyatua kwa sababu jike alikuwapo na bunduki ilikuwapo. Mnyama akaanguka palepale. Hata hilo halikumgusa.

Walimpasua, wakatoa matumbo, wakamburuta mpaka kwenye pikapu ya Mugo. Njiani Laurean alikuwa anafikiria mguu wa swala.

Baba yake naye alikuwa mwindaji, tena hodari kuliko yeye mara kumi. Laurean akiwa darasa la tatu, askari wa wanyamapori waliingia nyumbani kwao wakakuta mguu wa swala umekaushwa juu ya moshi. Mguu mmoja, jamani, na nusu ilikuwa imeshaliwa. Nyara za serikali, wakasema. Mzee akafungwa. Alirudi hana meno ya mbele, na upinde hakuushika tena. Kilichobaki ni swali. Nyama ikiletwa mezani, hata kama ni kuku wao wenyewe aliyekuwa akikimbizwa uani asubuhi hiyo, aliuliza kwa sauti ndogo: "Nyama hii ya nani?" Mama akijibu, "Yetu, baba Laurean," ndipo ananawa mikono. Kila siku! Watoto walikuwa wanamcheka.

Mugo akasimama penye duka la chambo na kahawa kando ya barabara. Watu wa wanyamapori wa jimbo walikuwa wameweka meza nje, wanawapima kulungu uzito na kuwauliza wawindaji wanaonaje mpango wa kuwapunguza. Wawindaji walikuwa na la kusema, tena walilisema kwa mdomo mpana. Mzee mmoja mwenye kofia ya rangi ya chungwa alikuwa amewaka.

"Zamani nilikuwa naona kundi zima! Leo nimekaa tangu alfajiri nimeona mkia. Mnawamaliza ili watu wa mjini wasiliwe maua yao!"

"Njoo shambani kwangu uwaone," akadakia mwingine, mkulima. "Soya yangu yote wamekula. Mimi nasema bado hawauawi vya kutosha."

Mugo naye angekaa kimya? "Vibali za majike wanagawa kama peremende," akamwambia Laurean kwa Kiswahili, lakini kwa sauti ya kumfikia kila mtu. "Ukimaliza mama zao, hizo dume zitazaliwa na nani? Hiyo ni akili kweli?" Huyu ambaye kwao ukikutwa na paa mmoja unakwenda ndani, sasa ana hasira na serikali kwa sababu ina mkono mwepesi!

Zamu yao ikafika. Ofisa alikuwa binti mdogo mwenye mashavu mekundu kwa baridi. Akamfungua yule jike mdomo, akayatazama meno kwa utaratibu kama daktari. Kisha akamgeukia Laurean.

"Na wewe, bwana? Unaonaje tunavyowasimamia?"

Laurean akamtazama. Akatazama meno.

"Nyama hii ya nani?" akauliza, kwa Kiingereza chake cha polepole.

"Samahani?"

"Huyu. Ni wa nani?"

Binti alidhani anauliza sheria. "Asubuhi alikuwa wa jimbo. Sasa ni wako." Akavua glavu, akampa mkono. "Asante kwa kuchukua jike. Umetusaidia sana. Ukitaka wengine, karibu, tunao wengi mno."

Mkono ule ulikuwa wa moto. Laurean akaurudisha, akaenda kusimama nyuma ya pikapu, akakwangua kadi ya simu.

"Tumeshazika," Flaviana akasema. Nyuma yake watu walikuwa wanaimba. "Udongo wako nimeutupa mimi."

"Flaviana, nimeua kulungu."

"Leo?"

"Nimempeleka mwenyewe kwa watu wa serikali. Wamempima. Wamenipa mkono, wakaniambia asante."

Wimbo ukaendelea kule.

"Asante?" Flaviana akauliza hatimaye.

"Asante. Wanasema wanao wengi mno."

Flaviana alikuwa amelia tangu Alhamisi. Sasa hakulia.

"Mama usimwambie," akasema. "Nakuomba, kaka. Mama asijue kabisa."

Hapo ndipo sauti ikamtoka Laurean, kubwa, mbaya, mpaka wale waliokuwa wakibishana juu ya majike na madume wakanyamaza. Akashika ubavu wa gari. Mugo, aliyekuwa anakuja na kahawa mbili, akageuka akarudi dukani. Na kule Mpanda Flaviana akatoka nje, mbali na waimbaji, akamsikiliza kaka yake mpaka kadi ikaisha.