Mtoto Asiyenyanyulika

Saa mbili asubuhi mkunga alimweka mtoto sakafuni, miguuni pa babu yake, kisha akarudi nyuma hatua tatu akifuta mikono. Ukumbi ulikuwa umejaa. Wafuasi wa nyumba walikuwa wamekuja kumwamkia mzee kama kila siku, wamejifunga majoho yao mazito, miayo haijawaisha. Mzee Numerius Opsius alikuwa na uamuzi mmoja tu wa kutoa. Akiinama akamnyanyua, mtoto ni wa ukoo. Asipomnyanyua, mtoto si wa mtu.

"Mwingine wa kike," akasema. "Wale wawili wanatosha."

Akamruka, akaenda zake kwenye kikao cha Seneti. Wafuasi wakamfuata, kila mmoja akipandisha joho lake ili pindo lisimguse mtoto.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya Filema. Alikuwa mjakazi wa miaka thelathini, mnyonyeshaji wa nyumba hiyo. Mwanawe mwenyewe alikuwa ameuzwa mwezi uliopita, lakini maziwa hayakuwa yamepata habari hiyo, yaliendelea kutoka. Watoto wasionyanyuliwa hupelekwa kwenye jalala nyuma ya soko la mboga. Filema alikwisha kuifanya kazi hiyo mara mbili na hakupenda kuizungumza.

Akapitisha mikono chini ya mtoto, akavuta. Mtoto hakunyanyuka. Akajipanga upya, akavuta tena kama anayeng'oa muhogo, mpaka kiuno kikalia.

"Mama Filema, uzee huo," akasema Skopas, kiongozi wa wabeba kiti cha mzee.

"Haya, wewe mwenye mabega, njoo."

Skopas akaja na wenzake saba. Wanaume hao walimbeba mzee kila siku, yeye na kiti na kitambi chake, wakampandisha vilima na kumteremsha bila kuhema. Kwa mtoto walihema. Alikuwa laini na mwenye joto, alilia, alijikojolea kama mtoto yeyote. Tatizo ni kwamba hakubanduka kwenye jiwe. Akaitwa fundi mwashi. Fundi akagonga sakafu kwa nyundo, akasema dawa yake ni kulikata jiwe na kumtoa mtoto nalo.

Mzee aliporudi kula akaambiwa.

"Marumaru hiyo imetoka Numidia," akasema. "Isiguswe. Mwacheni hapo."

Hakusema asinyonyeshwe, na Filema hakuuliza. Alijilaza ubavu sakafuni mara sita kwa siku, akanyonyesha. Siku ya nane, ambayo ndiyo siku ya kuwapa watoto wa kike majina, mama mzazi alishuka kutoka chumbani akishika kuta. Aliitwa Vibia. Akakaa chini karibu na mtoto, wakasubiri. Hakuna aliyekuja na jina.

"Mimi namwita Kokoto, bibi," Filema akasema. "La kushikilia nafasi tu."

"Litafaa," Vibia akasema, akalia kwa muda mrefu bila kujifunika uso.

Baba wa mtoto alikuwa Sextus Opsius, mwana wa mzee. Sextus alikuwa mtu mkubwa mjini. Alikuwa hakimu, na alipotoka mlangoni watu wawili wenye fimbo walimtangulia na umati ukapisha. Angeweza kuamuru mtu mzima achapwe viboko kabla ya chakula cha mchana. Lakini baba yake alikuwa hai, na sheria ya mji haimhesabu mtu kuwa na kitu chake maadamu baba yake anapumua. Siku moja ukumbi ulipokuwa mtupu Vibia alimshika mkono, akampeleka kwa mtoto. Sextus akainama, akavuta mpaka mshipa wa kipaji cha uso ukamsimama.

"Si mimi," akasema. "Nguvu ni za baba."

"Huwezi kumshtaki? Nenda kwa konsuli."

"Konsuli naye ana baba, Vibia."

Basi Kokoto akakulia pale pale, kando ya bwawa la maji ya mvua lililokuwa katikati ya ukumbi, chini ya tundu la paa. Mvua ilipopiga walimfunika kwa ngozi ya ng'ombe. Alijifunza kukaa, kisha kusimama, na aliposimama nyayo hazikubanduka. Dada zake wawili walimrushia mpira naye akaurudisha, mpaka walipoolewa. Wafuasi wa asubuhi walimzunguka kama mtu anavyozunguka nguzo, na wapya miongoni mwao wakamwamkia wakidhani ni sanamu ya mungu fulani. Kokoto aliwaitikia. Alikuwa na adabu kuliko wengi waliotembea.

"Mtaani kukoje?" alimwuliza Filema kila jioni.

"Matope. Kelele. Watu wanasukumana."

"Wanasukumana hadi wapi?"

Filema akaendelea kumchana nywele.

Vibia naye alikuwa na tumaini moja, na hakuona haya kulisema: alingoja mkwewe afe. Aliye juu mngoje chini, husema watu, na katika nyumba hiyo walikuwapo wawili waliokuwa wakingoja, mmoja kwa miguu yake na mmoja kwa moyo wake. Mzee alikufa Kokoto akiwa na miaka kumi na minne. Aliuawa na kwikwi. Moshi wa kuuchoma mwili wake ulikuwa bado kwenye nguo za watu Vibia aliposimama mbele ya mumewe.

"Sasa mwenye nyumba ni wewe. Mnyanyue."

Sextus akamtazama binti yake kama mtu anavyotazama bomba lililoziba.

"Matanga yaishe kwanza."

Matanga yakaisha. Akasema uchaguzi upite. Uchaguzi ukapita, akasema mavuno ya zabibu. Filema alikuwa amewatumikia mabwana watatu katika maisha yake, na tangu alipolisikia neno la zabibu hakutumaini tena. Alimchukia Sextus kuliko alivyowahi kumchukia mzee. Mzee walau alisema hapana mara moja.

Mwaka ulipotimia akaja Kwintus Fadius. Alikuwa amefiwa na wake wawili, na alikuwa na kauli katika makabila manne ya wapiga kura. Akikohoa huku, watu hupiga kura kule. Sextus alitaka ukonsuli, cheo cha juu kuliko vyote mjini. Walikaa kando ya bwawa wakila zeituni, na Fadius akasema angemsaidia kwa moyo mmoja kama wangekuwa ndugu.

"Ila binti zako wameshaolewa," akasema. Akatema kokwa. "Huyu wa sakafuni ana miaka mingapi?"

"Kumi na mitano."

Asubuhi iliyofuata, mbele ya wafuasi wote, Sextus aliinama na kumnyanyua binti yake. Alitumia mkono mmoja, kwa kuwa wa pili ulikuwa unashikilia joho lisidondoke.

"Kumbe mwepesi," akasema.

Wafuasi wakapiga makofi. Vibia hakupiga.

"Kwa hiyo mwaka mzima ulikuwa unaweza."

"Sikuwa na sababu," Sextus akasema, bila ubaya.

Wakampa jina. Aliitwa Opsia kama dada zake, kama shangazi zake, kama kila mwanamke wa ukoo wa Opsius. Harusi ikapangwa baada ya siku kumi na tisa.

Siku hizo kumi na tisa Kokoto hakukaa. Alikula akitembea. Nyayo zake zilikuwa nyeupe na laini kama unga uliokandwa, zikachubuka siku ya kwanza, akaomba vitambaa, akafunga, akaendelea. Filema alimpeleka mtaani. Wakasukumwa, wakarushiwa matope na gari lililobeba mawe, na msichana akacheka mpaka wauza kabeji wakageuka. Nyuma ya soko akasimama akanusa hewa.

"Kule nyuma kuna nini?"

"Takataka," Filema akasema, akamgeuzia upande wa vitunguu.

Siku ya harusi walimvika shela ya rangi ya moto. Mienge ikawashwa, watoto wakagombania kokwa za jozi zilizomwagwa njiani, watu wakaimba zile nyimbo chafu zinazopaswa kuimbwa. Filema alifuata nyuma na kapu la nguo, kwani naye alikuwa sehemu ya mali ambayo Sextus alimpa binti aende nayo kwa mume. Mlangoni kwa Fadius vijana wawili walimbeba bibi harusi, asije akajikwaa kizingitini ikawa nuksi, wakamshusha ndani ya ukumbi, kando ya bwawa.

Fadius alikuwa ameshageuka kuongea na Sextus. Bibi harusi akataka kupiga hatua. Mguu haukuja. Akajaribu wa pili, kisha akamtazama Filema.

Filema akatua kapu, akapiga magoti, akamshika kisigino kwa mikono miwili na kuvuta. Akaacha.

Mwanamke mwenye funguo za nyumba hiyo akaja na taa, akaishusha mpaka sakafuni. Pale aliposimama msichana jiwe lilikuwa na vishimo viwili vya nyayo, vimechimbika polepole, vimesuguliwa vikang'aa.

"Wamemweka penyewe," akasema. "Wa kwanza alikaa hapo miaka sita. Wa pili tisa."

Filema akaangalia vile vidole vya miguu ndani ya jiwe.

"Vimempwaya," akasema.

"Atakua," akasema mwenye funguo, akaenda kuwagawia wageni mvinyo.