Wa Kisaju

"Hakuna," kompyuta ikajibu, hata kabla Kamene hajamaliza kukamua kitambara chake cha deki.

"Umeandika vizuri? Mbaluka Musila?"

"Mara tatu, mum." Nashon, fundi wa kompyuta, aligeuza kiti. Wiki nzima alikuwa akiiunganisha ile akili bandia na rekodi za hospitali, ili mtu aulize kwa maneno ya kawaida na kujibiwa papo hapo. "Hii kitu haichoki kama sisi. Jina halipo, mtu hayuko. Si hiyo ni habari njema?"

Kamene alikamua kitambara tena. Dereva wa lori la vitunguu alisema alimshusha Mbaluka pale Kisaju, Jumapili jioni. Kuanzia hapo, kimya. Siku nne alikuwa ametafuta Isinya na Kajiado, vituo vya polisi na makanisa, amefunga kula na kuomba. Huyo ndiye mtoto pekee aliyeachiwa na marehemu mumewe, Musila. Leo alirudi kazini kwa sababu hakujua pengine pa kwenda.

Shule aliishia darasa la saba. Lakini kwa miaka kumi na moja amefuta vibao vya vitanda vya hospitali hii, na kuna jambo alilijua ambalo Nashon, mgeni wa juzi, hakulijua. Mtu akiletwa hajitambui, hana kitambulisho, manesi humwita kwa mahali alipookotwa. Wa Isinya. Wa Korompoi. Na hivyo ndivyo wanavyomwandika.

"Nashon mwanangu, iulize Wa Kisaju."

"Kisaju ni place, mum. Si mtu."

"Iulize tu."

Akaandika huku akicheka. Kicheko kikakatika.

"Wa Kisaju," akasoma. "Mwanaume, miaka kama thelathini. Aliletwa Jumapili. Kovu la zamani la moto, mguu wa kushoto."

Kamene akashika meza. Aliiona tena sufuria ya uji ikimpindukia Mbaluka utotoni, na Musila akikimbia barabarani na mtoto begani.

"Bwana Yesu. Yuko wapi? Iulize yuko wapi!"

Vidole vya Nashon vilikosea, vikafuta, vikaandika tena.

"Inasema rekodi za wodi na za mochari bado haizifikii." Hakumtazama. "Hiyo ni makosa yangu, mum. Hiyo kazi nilikuwa nimeiweka ya kesho. Nipe dakika kumi, naiunganisha saa hii."

Kiduara kidogo kikaanza kuzunguka kwenye kioo.

Kamene aliingiza mkono mfukoni mwa aproni. Hospitali nzima aliisafisha yeye, hata mochari kule nyuma ambako wenzake walikataa kuingia. Akatoa ufunguo wenye uzi mwekundu, akauweka kando ya kompyuta.

"Huu ubaki na wewe."

"Ni wa wapi?"

Alikuwa ameshainua ndoo. Alishika njia ya wodi ya wanaume, midomo ikisali bila sauti, maji yakimwagikia viatu kila hatua. Kitambara cha deki alikiacha mlangoni.