Kompyuta ya Pembeni ya Kitanda

"Habari za asubuhi," alisema, kisha akanyamaza kungoja ajibiwe.

Hakujibiwa. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na uso wake mwenyewe, na chini yake namba zikirudi nyuma: mia na kumi na nane, mia na kumi na saba. Ilimchukua muda kuelewa kwamba upande wa pili hakukuwa na mtu. Kampuni iliyotangaza kazi ilikuwa imeiachia mashine usaili wote. Mashine inauliza kwa maandishi, inakupa dakika mbili, inakurekodi, na baadaye mashine nyingine inakupima. Salamu yake ilikuwa imekula sekunde tisa.

"Mimi ni fundi wa mifumo ya kompyuta," akaanza, akinyoosha kola ya shati. Chini alivaa kaptula. "Nimefanya kazi za mkataba kwa miaka kumi na saba..."

"Baba Mapacha." Mkewe alichungulia mlangoni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. "Hii kompyuta kuukuu ya pembeni ya kitanda bado ina kazi? Wameleta cherehani ya pili, na soketi ni hiyo moja."

Namba zilikuwa sitini na nne. Bila kuondoa macho kwenye kioo, alipunga mkono chini ya meza, mahali ambapo kamera haikufika.

"Chomoa."

"Una hakika?"

"Chomoa, mama, chomoa."

Mashine ikarekodi na hilo pia. Maswali yalipokwisha ilimshukuru kwa kushiriki, ikamwarifu kwamba waombaji walikuwa mia nne na kumi na wawili, na kwamba asipoona jibu katika siku thelathini ajue hilo ndilo jibu. Alivua shati, akalitundika kwenye kitasa cha mlango. Lilikuwa halijachafuka.

Hakuwa mvivu, wala kazi yake haikumshinda. Miaka michache nyuma alikuwa na wateja wanane: shule, duka la vifaa vya ujenzi, ofisi ya wakili, na wengine wa aina hiyo. Wakati ule simu ndiyo iliyomtafuta. Dalali wa kazi alikuwa akimpigia mpaka akiwa bafuni, naye akikataa kazi mbili kwa kila moja aliyoikubali. Kisha shule ikaanza kukodi programu ya mwezi kwa mwezi kutoka kwa watu wasioonekana. Wakili akasema mpwa wake anajua kuuliza mashine, na mashine inamwandikia kila kitu, hata vile asivyovielewa. Mwenye duka hakusema chochote. Siku moja neno la siri likakataa kufungua, basi. Sasa yeye ndiye aliyeitafuta simu. Dalali alikuwa akisoma ujumbe, alama mbili zinageuka rangi, kimya.

Chumba walichokuwa wakikiita ofisi kilijaa vitambaa vya sare za shule. Cherehani ya mkewe ndiyo iliyokuwa ikipika chungu siku hizi, ila mkewe hakuwahi kulitamka. Alisema tu, "Sogea kidogo," na kila wiki mume alisogea kidogo, mpaka meza yake ikafika chumbani, kati ya kabati na kitanda.

Mteja aliyebaki alikuwa mmoja, ghala la dawa. Zahanati na vituo vya afya viliagiza huko kwa kompyuta, na mfumo alioutengeneza yeye uliyapanga maagizo yote kuwa orodha: katoni hizi kwa kituo hiki, kutoka rafu hii. Mkataba ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Meneja mpya, kijana aliyependa kuongea huku akitembea, alikuwa hajasema ndiyo wala hapana. Fundi naye hakuuliza. Aliogopa kuharakisha jibu.

Saa nne na robo simu ikaita. Alikuwa dada wa stoo.

"Mdogo wangu, orodha hazijatoka."

"Hazijatoka zote?"

"Hata moja. Printa inawaka, ila imenikodolea macho tu. Nimebadilisha wino asubuhi, nimegusa wino tu, naapa, sikugusa kingine. Meneja kaniuliza mara tatu nimegusa nini."

"Subiri kidogo, nakuja."

Pale ghalani jina lake lilikuwa Subiri Kidogo, kwa sababu hakuna kompyuta aliyowahi kuikaribia bila kuyatamka maneno hayo. Alipoingia, wapakiaji walikuwa wamekalia toroli tupu. Lori lilikuwa limerudisha makalio mlangoni, limefunguliwa, halina kitu.

"Subiri kafika," mmoja wao akasema. Huyo alikuwa mrefu kama mlingoti, nao walimwita Kifupi. "Sasa tutasubiri rasmi."

Dada wa stoo hakucheka. Alikuwa mama mtu mzima, miaka yote nyuma ya kaunta ile ile, miwani imefungwa kwa uzi. Simu ya mezani ililia, akaiweka kwenye spika ili mikono yake ibaki huru kupekua madaftari ya zamani.

"Lori letu liko wapi?" ilikuwa sauti ya mkunga wa kituo cha mbali. "Glovu zimebaki boksi moja, na chupa za maji ya drip nazihesabu kwa vidole."

"Linakuja, mwanangu."

"Linakuja limetoka, au linakuja la mdomoni?"

Dada wa stoo alimtazama fundi. Fundi alitazama kioo.

Alikagua waya, akakagua printa, akausifu wino mpya. Aliizima kompyuta kubwa ya ghala na kuiwasha. Kila kitu kilikuwa kizima, na hiyo ndiyo habari mbaya kuliko zote kwa fundi. Mwishowe akafungua maandishi ya programu yenyewe, akaanza kusoma mstari kwa mstari, kidole kikiteleza juu ya kioo kama anayefundishwa kusoma. Maagizo yanaingia hapa. Yanakusanywa hapa. Yanapelekwa kupangwa... Kidole kikasimama. Palikuwa na anwani ya mtandao, tarakimu chache na nukta. Aliijua. Ilikuwa ya kompyuta yake ya nyumbani.

Ikamrudia yote. Miaka tisa iliyopita kompyuta ya ghala iliungua, na maagizo yalitakiwa kutoka siku ya pili yake. Yeye akaihamishia kazi ya kupanga kwenye kompyuta yake ya nyumbani, kwa siku mbili tu, mpaka mpya inunuliwe. Mpya ikanunuliwa. Akaifunga, akaiwasha, orodha zikatoka, kila mtu akafurahi, naye akasahau kwamba orodha bado zilikuwa zinapitia kwake. Hakuna kinachodumu kama cha muda. Tangu hapo alihama nyumba mara mbili, na mara zote mbili ile kompyuta ndiyo aliyoichomeka kwanza, kabla ya jiko, bila kujiuliza kwa nini. Kama mtu anayemlisha paka ambaye hakumbuki alimpata wapi.

Alitoka nje, akasimama nyuma ya lori, akampigia mkewe.

"Ile kompyuta."

"Ipi?"

"Uliyoichomoa. Iko wapi?"

"Imeegemea ukuta, nimeweka mifuko ya vitambaa juu yake. Kwani vipi?"

"Irudishe kwenye soketi."

"Baba Mapacha, nina kola arobaini hapa."

"Naomba."

Ile naomba haikuwa ya kila siku. Cherehani ikanyamaza, kitu kikaburutwa. "Nimechomeka. Kitufe kipi? Hiki chenye vumbi au hiki chenye vumbi?"

"Kikubwa."

"Inanguruma. Imewaka taa ya kijani. Na sauti hiyo, kwani nani anaugua?"

"Nitakueleza."

Hakufika hata kwenye kaunta. Printa ilikohoa, ikavuta karatasi, ikaanza kutema orodha moja juu ya nyingine. Wapakiaji wakaruka kutoka kwenye toroli. Kifupi akampigia makofi, wengine wakafuata.

"Umefanya nini?" dada wa stoo akauliza, mkono kifuani.

Meneja alishuka ngazi kutoka ofisini, akatembea moja kwa moja mpaka alipo fundi. Alimshika bega. "Mzee, nitasema ukweli. Kuna watu wananiuzia mfumo mpya kila siku, nami nilikuwa nimeshaandaa barua ya kukuaga. Lakini nimeona leo. Bila wewe hapa panakuwa kituo cha basi. Tuandikishane mwaka mwingine."

Mwaka mwingine. Fundi aliyasikia maneno hayo yakimshuka mwilini kama maji ya uvuguvugu. Hakutakiwa kufanya lolote. Alitakiwa anyamaze tu, arudi nyumbani, na aiambie ile soketi isiguswe na mtu.

"Na wewe," meneja alimgeukia dada wa stoo bila kupandisha sauti, "njoo uchukue barua yako. Ni onyo la kwanza. Nilishasema mitambo iguswe na mafundi tu."

"Nimebadilisha wino," dada wa stoo alisema. Alisema taratibu, kama asiyejiamini tena kama kweli ulikuwa wino. "Labda nilibonyeza kitu. Mikono yangu nayo siku hizi." Akaitazama, kiganja na nyuma yake.

Fundi alivuta kiti akakikalia. Alijua akiwa amesimama hatasema.

"Hakubonyeza kitu," alisema. "Ilizimwa kwangu."

"Kwako wapi?"

"Nyumbani. Chumbani."

Meneja aliacha kutembea.

Fundi akaeleza, kwa ufupi, kuanzia ile kompyuta ya ghala iliyoungua. Hakutaja cherehani wala mkewe. Alisema yeye ndiye aliyetoa amri ichomolewe, na hiyo ilikuwa kweli. Printa iliendelea kutema karatasi katikati ya maelezo yake.

"Ngoja nielewe," meneja akasema. "Miaka tisa, dawa za vituo vyote hivi zinapita chini ya kitanda chako?"

"Pembeni ya kitanda."

Kifupi aligeukia rafu, mabega yakimtikisika.

"Na umeme ukikatika kwako?"

"Mtaa wetu haukatiki sana. Nadhani tulikuwa na bahati."

"Bahati," meneja alirudia. Hakukasirika, au hasira yake ilikuwa ya kuhesabu. "Inaweza kuhamia huku?"

"Ni kazi ya saa moja."

"Ikishahamia, nani ataiangalia?"

Hili ndilo lilikuwa swali lenyewe. Fundi alilizungusha kichwani akitafuta pembe ya kulishikia. Kulikuwa na majibu mazuri ya kitaalamu, marefu, ambayo meneja asingeyaelewa na asingethubutu kuyakataa. Aliyajua yote. Kuna miaka alikuwa ameishi kwa majibu hayo.

"Yeyote anayesoma vizuri," alisema. "Dada anatosha."

Meneja aliitikia kwa kichwa mara mbili. "Basi tumalizie mwezi, mzee, tuagane kwa heri." Akapanda ngazi. Katikati alisimama, akasema bila kugeuka kwamba ile barua ya onyo ya dada ataichana, kisha akaendelea.

Dada wa stoo alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti lake. Fundi alingoja asante, haikuja.

"Kwa hiyo asubuhi nzima nimetetemeka kwa ajili ya kitanda chako."

"Nisamehe, dada."

"Nilikwenda mpaka chooni kulia. Mimi, bibi wa watu."

"Nisamehe sana."

"Sogea," akasema, akivuta kiti cha pili. "Nionyeshe hiyo kazi ya saa moja. Na usiniambie nisubiri kidogo."

Ilichukua saa mbili, kwa sababu dada ndiye aliyebonyeza. Fundi alikuwa anasema, dada anaandika kwanza kwenye daftari kwa herufi kubwa, anasoma alichoandika, ndipo kidole kinashuka. Mara nne mkono wa fundi ulinyanyuka wenyewe kuelekea kwenye kibodi, na mara nne dada aliugonga kwa kalamu. Mwishowe fundi akaiweka mikono yote miwili chini ya mapaja. Kompyuta ya ghala ilipopanga orodha ya mwisho peke yake, dada alihesabu kurasa, akalinganisha na maagizo, akazipiga kwenye kaunta kuzinyoosha kingo. Akaandika chini ya daftari: imetoka. Akapiga mstari.

Simu ya mezani ikalia tena. Ilikuwa sauti ya mkunga.

"Limetoka?"

"Linapakiwa," dada alisema. "Mimi mwenyewe nimetoa orodha yako, mwanangu. Kituo chako kiko namba moja."

Fundi alisimama katikati ya ghala. Toroli zilimpita kulia na kushoto, karatasi zikiwa zimebanwa midomoni mwa wapakiaji, watu wakiitana namba za rafu. Alijisogeza akakuta yuko njiani, akajisogeza tena, akakuta yuko kwenye njia ya wengine. Begi lake la vifaa lilikuwa begani. Alifikiri aage, lakini hakuona wa kumuaga. Kila mtu alikuwa na kazi mkononi.

"Subiri!" Kifupi aliita kutoka upande wa drip. "Mwenzangu kapeleka toroli. Shika hapo chini."

Akaweka begi sakafuni. Katoni ilikuwa nzito kuliko ilivyoonekana, na maji yalijisogeza ndani yake kila walipoinua. Kifupi ndiye aliyetazama mbele. Fundi alitembea kinyumenyume.

"Njoo," Kifupi alisema. "Njoo. Kushoto kidogo. Njoo tu, nakuona."

Sakafu ikaisha. Nyuma yake lilikuwa lori, na ubao wa kupandia, na hewa ya nje ikampiga shingoni. Hakugeuka. Alisimama kwa mguu mmoja, katoni ikimlemea kifuani, akautafuta ubao kwa kisigino.