Baruti ya Kumpokea Taghreed

Nilimwambia ami Thani, mara ya kwanza kwa adabu, mara ya pili kwa ukali: bunduki zisilie kwenye harusi ya kaka yangu Nasr. Bibi harusi, Taghreed, ametoka Ghaza. Kombora la Waisraeli lilimuua mumewe wa kwanza, na yeye mwenyewe alifukuliwa kwenye kifusi akiwa amemkumbatia bintiye, Ghadeer. Mtu kama huyo unampokea kwa udi na ubani, humpokei kwa baruti.

Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Ami akasema baruti hiyo haina risasi, ni moshi na kelele tu. Bibi harusi hana hata ndugu mmoja wa kumsindikiza, wageni watamdharau asipopewa heshima kamili, na heshima kamili kwa Waomani ni bunduki. Nasr akamwachia ami aamue. Nilimkasirikia yeye zaidi.

Basi gari la bibi harusi lilipoingia shambani kwetu Qurayyat, wanaume waliokuwa wakicheza ngoma ya razha na panga zao wakarudi nyuma, wenye bunduki wakazielekeza juu, zikalia zote kwa pamoja.

Taghreed hakupiga kelele. Alimvuta Ghadeer kutoka garini, akambwaga chini ya meza ya chakula, akamlalia. Nilisikia mkono wa mtoto ukivunjika. Mtoto mwenyewe hakulia. Huko alikotoka alishafunzwa kutolia. Nasr alipojaribu kumnyanyua mkewe, aling'atwa kidole mpaka damu ikamwagikia dishdasha yake, kanzu nyeupe ya harusi. Wanawake wakapiga mayowe, na wapigaji wa nyuma, wasiojua lolote, wakadhani ni vigelegele, wakaendelea kufyatua.

Ami Thani akaja mbio kuomba radhi. Mzee mjinga, bunduki bado ilikuwa mkononi. Alichokiona Taghreed ni mwanamume mwenye silaha anamjia mwanawe. Akakwapua kisu cha kukatia nyama, akamchoma tumboni.

Polisi walitukuta hospitali. Neno moja la ami lingemfunga Taghreed, na Ghadeer angebaki na nani? Kabla hawajaingia nilimwinamia ami kitandani nikamwambia, heshima kando, akimtaja yule mwanamke mimi na yeye basi.

Walipomuuliza, alisema alikuwa akicheza razha, mguu ukateleza, akaangukia khanjari yake mwenyewe. Mzee mzima na nyonga zake mbovu; waliandika huku wakijizuia kucheka.

Walipotoka nilimuuliza kwa nini amesema vile. Maisha yetu yote alitwambia kwamba mama yake, bibi yetu, alikufa Unguja kwa homa.

"Hakufa kwa homa, Masouda," alisema. "Siku ya mapinduzi, bunduki zilipolia, alinilalia vile vile, chini ya kitanda. Nlimtikisa kutwa nzima aniachie nitoke."

Nikamfunika shuka vizuri.

Nikatoka hadi kwenye ukumbi wa hospitali. Taghreed alikuwa amejikunja kwenye benchi na nguo zake za harusi, macho ameyafumba. Ghadeer, mkono mmoja umefungwa plasta, alikuwa akimtikisa kwa ule mwingine, akimwita mama, mama. Nikasimama pale mpaka Taghreed alipoitikia.