Sauti Iliyotoka Majini

Mtoto alikuwa ametimiza miezi mitatu, na mama yake, fundi cherehani, hajaguswa na mumewe hata kwa kidole. Seremala yule, aliyezoea kumtania tangu mlangoni, sasa alilala sebuleni, eti asije akamlalia mtoto. Mkunga alishasema kila kitu kimepona. Ya moyoni nani angeyapima?

Alijifungulia majini, katika beseni kubwa kama kitanda, pale zahanati. Mumewe alipiga magoti nje ya beseni, mkono mmoja umemkumbatia, mwingine umeshika jagi la maji ya moto ya kuongezea beseni. Uchungu ulipopoa kidogo, pumzi za mume zikimpiga shingoni, raha ilimpanda kutoka kiunoni ghafla kama mgeni asiyebisha hodi. Akatoa sauti. Sauti ya chumbani kwao.

Wifi yake alikuwa nyuma ya mlango. Siku ya kumwona mtoto hakuweza kunyamaza: "Enhe, wifi! Ulikuwa unazaa au unaolewa upya?"

Wanawake wakaangua kicheko. Naye akacheka, kicheko cha juu juu. Tangu hapo aliamini mumewe amemkinai kwa sauti ile.

Jumapili mchana, mtoto amelala, alimfuata mumewe uani alikokuwa akipiga mbao randa.

"Baba watoto, unanionea kinyaa?"

Randa ikasimama. "Kinyaa? Mimi niliyekuunguza?"

"Umeniunguza lini?"

"Si siku ile! Mkunga aliniambia nisubiri apime maji. Mimi na haraka zangu nikamimina. Ukapiga ukelele. Mpaka leo nausikia."

Kukubali kungekuwa uongo wa bei rahisi. Kuungua hakuna aibu. Angemsamehe tu, yakaisha. Lakini angesamehewa mtu asiye na kosa, na yeye angebaki na siri yake peke yake.

"Hukuniunguza," alisema, macho chini. "Sikulia kwa maumivu. Nilisikia raha. Ulikuwa karibu yangu mno."

"Mtoto anatoka, na wewe…"

"Ndiyo."

Seremala alijipangusa uso, vumbi la mbao likambaki kwenye nyusi. Hakucheka. Alinyoosha mkono, ukaishia njiani.

"Sasa nikikushika, nitajuaje? Sauti ile ile moja, kwako raha, mimi nimesikia kifo."

"Uliza," alisema mkewe. "Uliza kwanza."

Mume akamwekea kiganja begani, kizito, chenye woga.

"Hapa?"